Grafini Safi, Mtaro Mchafu

Kemikali nyingi zinazotajwa katika utengenezaji wa oksaidi ya grafini si ngeni Eastlands, Nairobi. Asidi ya salfuriki iko kwa mafundi wa betri, ingawa yao imezimuliwa kwa maji. Pamanganeti ya potasiamu, zile chembe za zambarau ambazo watu huoshea mboga, iko kwenye maduka ya dawa. Asetoni iko kwa wapaka kucha, na spiriti iko kwa maseremala wanaopaka fanicha vanishi. Kinywe chenyewe, ambacho wauzaji huita grafiti, ndicho kile cheusi kilicho ndani ya penseli ya mwanafunzi. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba oksaidi hiyo, ambayo ni karatasi nyembamba mno za kaboni, inaweza kunasa risasi kwenye maji ya kunywa, ni rahisi adhani kwamba kilichobaki ni kijana mwenye bidii, ndoo chache na chumba cha kupanga pale Kariobangi Light Industries. Makala hii inasema sivyo. Kuchanganya ni sehemu ndogo ya kazi hii. Kazi yenyewe, gharama yake na hatari yake viko katika kuosha, na mji unaoitamani teknolojia hii hauna budi kuuliza mapema maji ya kuoshea yatakwenda wapi. Asiyeweza kujibu swali hilo hajawa tayari kutengeneza, hata kama bidhaa yake inang'aa.

Karatasi zinazopenda maji

Grafini ni kaboni iliyojipanga katika tabaka moja lenye unene wa atomu moja. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walitangaza mwaka 2004 kwamba wameitenga kutoka kwenye kinywe kwa kuibandua kwa utepe wa gundi, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Lakini utepe wa gundi hauwezi kulisha kiwanda. Njia ya kupata tabaka hizo kwa kilo ni kukitia kinywe katika asidi kali pamoja na pamanganeti, hadi oksijeni ijipenyeze na kuzitenganisha. Kinachopatikana ndicho oksaidi ya grafini, na historia yake ni ndefu kuliko ya grafini yenyewe. Benjamin Brodie alioksidisha kinywe Uingereza mwaka 1859, ingawa yeye alitumia klorati ya potasiamu na asidi ya nitriki, na utaratibu unaofuatwa katika maabara nyingi hadi leo umetokana na makala ya William Hummers na Richard Offeman iliyochapishwa Marekani mwaka 1958.

Faida ya oksaidi hiyo ni kwamba inayapenda maji, ilhali kinywe huyakataa. Inatawanyika ndani ya maji, inapakwa juu ya mchanga, inatandazwa ikawa utando. Uso wake una chaji hasi, kwa hiyo huvuta na kunasa metali zenye chaji chanya kama risasi na kadmiamu. Mwaka 2017 kundi la Rahul Nair, pia wa Manchester, lilionyesha kwamba nafasi kati ya karatasi hizo ikidhibitiwa, utando wake hupitisha maji na kuzuia chumvi ya kawaida. Na malighafi iko kwa jirani: Tanzania ina akiba kubwa ya kinywe huko Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi. Kwa mwenyeji wa Kayole au Umoja, ambaye maji ya mfereji humjia kwa mgao na siku nyingine zote hununua ya mtungi, chujio la namna hii si anasa ya wanasayansi. Basi kuitaka bidhaa hii ni jambo la haki. Swali ni inavyofika mikononi mwake.

Suuza, vimba, ziba

Tazama kinachobaki kwenye chombo baada ya kemikali kufanya kazi yake. Mchanganyiko ni mzito, wa kahawia iliyokoza, na umejaa asidi. Ukiisha kupozwa na kuzimuliwa, humiminiwa haidrojeni paroksaidi kidogo. Hutoa mapovu, na ile kahawia hugeuka manjano ya kung'aa. Paroksaidi imeumaliza ukali wa pamanganeti iliyobaki na kuigeuza manganisi kuwa chumvi inayoyeyuka majini. Wengi huipiga picha hatua hii kwa uzuri wa rangi yake. Lakini ndani ya ile manjano, karatasi za oksaidi zinaogelea pamoja na asidi ya salfuriki, chumvi za potasiamu na chumvi za manganisi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotakiwa kwenye chujio la maji.

Mtu angesema: basi isuuzwe kwa maji. Nguo yenye sabuni husuuzwa mara tatu, povu likaisha, mambo yakaisha. Oksaidi ya grafini hufanya kinyume. Asidi na chumvi zikiwa nyingi ndani ya maji, huzifunika zile chaji hasi, karatasi hushikana, hutuama chini, na maji ya juu humwagwa kwa urahisi. Kadiri zinavyosuuzwa, chaji hubaki wazi, kila karatasi humsukuma mwenziwe, zote huvimba kwa maji na chombo kizima hugeuka rojorojo. Ukiimimina kwenye kichujio, karatasi za mwanzo hulala bapa juu ya vitundu na kuviziba. Tone hufuata tone, kisha matone husimama. Uchujaji unaweza kula siku nzima na bado chumvi zikawa zimenaswa ndani ya rojo. Mashine za kuzungusha kwa kasi husaidia, lakini nazo hushindwa karatasi zinapokataa kutuama. Wengine huitia rojo kwenye mifuko ya utando mwembamba na kuizamisha ndani ya maji safi yanayobadilishwa kwa siku nyingi. Njia hiyo husafisha vizuri, lakini hunywa maji mengi, na hiyo ni dosari kubwa katika mitaa ambako maji ni ya kupangiwa zamu.

Hapo ndipo viyeyushi vinapoingia, na mantiki yake ni rahisi kueleweka: kila uchafu una kiyeyushi chake. Chumvi za manganisi na potasiamu huyeyuka katika maji lakini hazitaki asetoni. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuosha kwa maji yenye asidi ya hidrokloriki. Maji huyeyusha chumvi na kuondoka nazo, na asidi huzifanya karatasi zibaki zimeshikana zisivimbe. Chumvi zikiisha, inabaki asidi yenyewe, na hiyo ndiyo kazi ya hatua ya pili. Asetoni huchanganyika na maji kwa kiwango chochote, kwa hiyo huyabeba maji yenye asidi na kutoka nayo. Wakati huohuo haiwezi kuzitawanya karatasi, kwa hiyo rojo halitokei na kichujio hakizibi. Kundi la Jiaxing Huang wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lilieleza utaratibu huu wa asidi kisha asetoni mwaka 2010. Mwaka huohuo kundi la James Tour wa Chuo Kikuu cha Rice lilichapisha njia yake ya kuosha kwa maji, asidi ya hidrokloriki na ethanoli, kisha kuzigandisha karatasi kwa etha. Mpangilio wa hatua hizi si wa hiari. Anayetanguliza asetoni anazifungia chumvi ndani. Tena mabaki ya paroksaidi hayafai kukutana na asetoni penye asidi, kwani huzaa vitu vinavyolipuka. Hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba hii si kazi ya chumba cha kupanga.

Kwa nini isiachwe ilivyo

Yuko atakayeuliza kama usafi wote huu ni wa lazima, au ni ufundi wa kupendeza wahariri wa majarida. Jibu la kwanza ni moto. Utafiti huohuo wa kundi la Huang ulionyesha kwamba oksaidi iliyobaki na chumvi za potasiamu hushika moto kwa wepesi wa kutisha. Ncha ya chuma cha kulehemu ikiugusa utando uliokauka, utando wote huteketea mara moja. Iliyooshwa vizuri nayo hutoa joto na gesi ikipashwa moto, lakini kaboni inayobaki husimama imara hata mbele ya mwali wa gesi. Kinachotenganisha bidhaa hizo mbili ni chumvi ambayo jicho haliioni. Gunia la oksaidi iliyosuuzwa nusunusu, likiwekwa kando ya fundi anayechomelea milango, ni ajali inayosubiri cheche.

Jibu la pili liko kwenye glasi ya maji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba manganisi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 0.08 kwa lita, na wasiwasi wake mkubwa ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo. Sasa chukua chujio ambalo oksaidi yake haikuoshwa hadi mwisho. Miligramu moja tu ya manganisi ikivuja ndani ya lita 10 za maji, mkusanyiko unakuwa miligramu 0.1 kwa lita, na kiwango kimeshapitwa. Mama aliyenunua chujio kuondoa risasi atakuwa amelipia manganisi. Mtengenezaji mwaminifu ana njia za kujua. Huweka tone la kloridi ya bariamu katika maji ya suuza ya mwisho. Utando mweupe ukionekana, salfeti bado ipo. Huichoma sampuli ndogo kwa tahadhari na kupima majivu, kwa kuwa kaboni huondoka na metali hubaki. Majaribio haya hayahitaji mashine za mamilioni. Yanahitaji mtu aliye tayari kukubali kwamba bidhaa yake bado, na kurudia kuosha.

Hesabu ya mitungi 65,000

Mpaka hapa hoja imekuwa upande wa bidhaa: ioshwe, na ioshwe kwa mpangilio. Ila kuosha hakuangamizi kitu. Kilichotoka kwenye oksaidi kimeingia kwenye maji, na hesabu yake inaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi. Katika utaratibu wa Hummers wa 1958, gramu 100 za kinywe zilihitaji gramu 300 za pamanganeti na lita 2.3 za asidi ya salfuriki. Ndani ya hizo gramu 300 mna takribani gramu 104 za manganisi, na takribani yote inapaswa kutoka wakati wa kuosha. Maana yake ni kwamba kiwandani panaingia kinywe cha kujaza kiganja na panatoka uzito uleule wa manganisi kupitia bomba la maji machafu. Ukitaka kuizimua manganisi hiyo hadi ifike kile kiwango cha miligramu 0.08, utahitaji lita milioni 1.3 za maji safi kabisa. Hiyo ni mitungi 65,000 ya lita 20, kwa gramu 100 za kinywe. Bila shaka hakuna anayezimua namna hiyo, na hakuna anayekunywa maji ya kiwandani. Lakini hesabu inaua kisingizio kimoja ambacho mitaa yetu inakijua sana, kwamba uchafu ukichanganyika na maji mengi umekwisha.

Asidi nayo ina hesabu yake. Kuzimisha lita 2.3 za asidi ya salfuriki kwa chokaa iliyozimuliwa kunahitaji takribani kilo 3 za chokaa, na matokeo yake ni zaidi ya kilo 7 za jasi. Chokaa ikiongezwa hadi maji yawe na ukali wa alkali, manganisi nayo huganda na kutuama pamoja na jasi. Hiyo ni habari njema, kwa sababu uchafu uliokuwa majini sasa ni tope linaloweza kushikwa, kukaushwa na kupimwa. Lakini tope lenyewe linahitaji mahali pa kwenda, na mahali hapo pasiwe jaa la Dandora. Mwenye kutangaza kwamba ametengeneza gramu 100 za oksaidi safi bila kusema zilipo zile kilo 7 ametangaza nusu ya habari.

Mtaro una mwisho

Eastlands haihitaji kufikiria tu kitakachotokea, imeshaona. Maji ya mitaro ya Gikomba na Kariobangi huishia Mto Nairobi, ambao hupita kando ya Korogocho na Dandora, ukaelekea Njiru na Ruai, ukaungana na Athi, na mwisho ukaingia baharini kwa jina la Sabaki karibu na Malindi. Maji taka yanayobahatika kuingia kwenye mabomba hupelekwa Kariobangi au kwenye mabwawa ya Ruai. Mitambo hiyo ilijengwa ili bakteria, mwani na jua viozeshe kinyesi na maji ya jikoni. Bakteria hawaozeshi metali. Manganisi iliyoingia bwawani hutuama kwenye tope au huendelea na safari, na asidi ikiingia kwa wingi huwaua haohao bakteria wanaotegemewa na mamilioni ya watu. Kwa hiyo kumwaga maji ya kuoshea kwenye choo cha ploti ni kuvunja mtambo wa umma kwa mbali.

Kuhusu metali, ushahidi ulikusanywa hapohapo. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha utafiti uliofanywa kuzunguka jaa la Dandora, ambako watoto 328 walipimwa. Nusu yao walikutwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokuwa kikikubalika kimataifa wakati huo. Watoto hao hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda chochote. Walikuwa wanaishi na kusoma karibu na mahali ambapo mji uliamua uchafu wake uishie. Mombasa ilipata somo hilohilo kwa njia kali zaidi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofanya kazi kando ya kijiji cha Owino Uhuru hadi 2014 kilifanya kazi ambayo kwa jina ilikuwa nzuri, yaani kusafisha risasi ya betri kuukuu ili itumike tena. Risasi ilisafishika, udongo, maji na damu za wanakijiji vikachafuka. Phyllis Omido, aliyeongoza kudai haki yao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Miaka 10 ilipita tangu kiwanda kifungwe. Kesi hiyo inaonyesha wazi kwamba sheria inaweza kumpata mchafuzi, lakini haiwezi kuiondoa risasi kwenye mfupa wa mtoto.

Viyeyushi: mkombozi mwenye masharti

Hapa viyeyushi vina hoja nyingine upande wao, na ni hoja nzito. Maji ya suuza yakishachafuka ni shida kuyarejesha, lakini asetoni huchemka kwa nyuzi 56 tu za selsiasi, hutengana na maji kwa kukenekwa, na inaweza kurudi kazini mara nyingi. Njia inayotumia maji machache yenye asidi kisha asetoni inayozungushwa hutoa uchafu mchache, tena uliokusanyika pamoja. Kwa mji wenye uhaba wa maji, hiyo ni njia bora kuliko kuosha kwa maji matupu mpaka mtungi wa mwisho. Masharti ni kwamba asidi iliyobaki ndani ya asetoni izimishwe kabla ya kukeneka, la sivyo itaigeuza asetoni kuwa kitu kingine, na kwamba mvuke wote unaswe.

Sharti hilo la pili si dogo. Mvuke wa asetoni huwaka hata kwenye baridi kali kuliko ya friji, nao ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni hadi ukutane na jiko. Etha ni kali zaidi: huchemka kwa nyuzi 35 hivi, joto lisilo mbali na lile la kibanda cha mabati saa nane mchana. Nairobi inajua kinachotokea kimiminika chenye kuwaka kinapoingia kwenye mitaro ya watu. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba la mafuta ilitiririka hadi kijiji cha Sinai, ikawaka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka katika makazi ya Embakasi, ikaua na kujeruhi watu waliokuwa wamelala majumbani mwao. Asetoni ya lita chache si petroli ya bomba. Lakini sababu iliyoua ni ileile, yaani kitu cha kiwanda kuwekwa pasipo na umbali kati yake na kitanda cha mtu.

Pingamizi, na mfano wa Kariokor

Pingamizi la kwanza ni kwamba kiasi ni kidogo. Chujio la nyumbani huhitaji gramu chache, na mtengenezaji mmoja hawezi kuharibu mto ambao tayari umeharibika. Kweli, chujio moja ni dogo, lakini hakuna anayeanzisha biashara ili auze moja. Na mto uliokwisha kuchafuliwa si ruhusa. Mto Nairobi haukuchafuliwa na jitu moja bali na wengi, kila mmoja akijihesabu mdogo. Pingamizi la pili ni kwamba sheria ipo. Ipo kweli: Sheria ya Mazingira ya 1999, kanuni za ubora wa maji zinazokataza kumwaga maji ya kiwandani bila leseni, na Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi. Lakini mkaguzi huona bomba la kiwanda chenye lango na jina. Ndoo inayomwagwa nyuma ya ploti saa tano usiku haimngojei mkaguzi.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Wengine watasema masharti haya yatawafungia nje vijana wa jua kali, teknolojia ibaki mikononi mwa wenye mitaji, na Eastlands iendelee kuwa soko tu. Wanaosema hivyo wana sababu, kwa maana kanuni nyingi za mji huu zimewahi kumwangukia mnyonge peke yake. Jibu liko katika kuigawa kazi, na Eastlands tayari inajua kuigawa. Mafundi wa Kariokor hushona viatu na makubazi yanayouzwa hadi nje ya nchi, lakini hawasindiki ngozi mbichi kwa kromiamu pale sokoni. Ngozi huwafikia ikiwa imekwisha kusindikwa viwandani. Hakuna anayesema kwa hilo mafundi hao wamenyimwa riziki; ujuzi wao na faida yao viko katika kukata, kushona na kujua mguu wa mteja. Vivyo hivyo, kuoksidisha na kuosha kinywe kufanywe mahali pamoja penye leseni, matangi ya chokaa, mtambo wa kukeneka asetoni na umbali wa kutosha kutoka kwenye makazi. Kariobangi ipokee oksaidi iliyo ndani ya maji, iliyooshwa, yenye karatasi ya vipimo. Hapo fundi ataipaka kwenye mchanga, ataunda chujio, atalijaribu, ataliuza na atalirekebisha likiziba. Mapato mengi ya chujio yako katika hatua hizo, na sumu nyingi iko katika hatua alizoepushwa.

Linabaki pingamizi la mwisho, la anayeuliza kama tunaihitaji bidhaa hii kabisa. Lijibiwe bila ushabiki. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi, na floraidi ina chaji hasi kama oksaidi yenyewe, kwa hiyo chujio la oksaidi tupu halitaizuia. Kwa shida hiyo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imekuwa ikitumia kwa miaka mingi mkaa wa mifupa, kitu cha bei nafuu kinachofanya kazi. Vijidudu huuawa kwa kuchemsha au kwa klorini. Oksaidi ya grafini ina nafasi pale penye risasi na metali nyingine, na hapo ishindanishwe na mkaa wa kawaida kwa bei na kwa matokeo. Katika ushindani huo, gharama yake ihesabiwe yote. Chokaa ihesabiwe, tope lihesabiwe, asetoni iliyopotea hewani ihesabiwe. Chuo kinachotafuta ufadhili, kampuni changa inayotafuta wateja na kaunti inayotaka kutoa leseni waanze na daftari moja lenye safu mbili: kilichoingia na kilichotoka, kwa gramu na kwa lita, pamoja na mahali kila kimoja kilipoishia. Safu hizo zikilingana, wakazi wa Eastlands watakuwa na sababu ya kuinunua bidhaa hiyo. Zisipolingana, tofauti iko mtoni, na wakazi haohao ndio watakaoilipia bila kuulizwa.